Matembezi ya hisani yasigeuke makato ya mshahara

Mhariri,

Siku hizi haipiti wiki bila gazeti kutoka na picha ya wafanyakazi wa ofisi fulani waliotembea kuchangia wagonjwa. Fulana za rangi moja, mgeni rasmi katikati, na hundi ya mfano kubwa kama mlango. Picha hizo sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na barua inayosambazwa ofisini kabla ya hapo, ikisema kushiriki ni hiari, halafu mwisho wa mwezi mtu anafungua karatasi ya mshahara anakuta kakatwa.

Kazini kwetu yametupata hayo. Dereva mwenye watoto wa shule alikatwa sawasawa na mkuu wa idara, na alipouliza akaambiwa asiwe na roho ngumu, wagonjwa wanateseka. Mtu akishatozwa namna hiyo, siku nyingine hata jirani akija na kadi ya mchango anajifanya hayupo.

Mwaka uliofuata tuliomba tuachiwe wenyewe. Tukapanga kutembea kwa siku mbili kutoka Mwenge hadi Bagamoyo, kilomita kama 60, na kila mmoja akatafuta watu wake wa kumwahidi kwa kilomita: shangazi, muuza chipsi wa mtaani, wanakwaya wenzake. Ukiishia Bunju unadai za Bunju, ukifika Bagamoyo unadai zote. Aliyeahidi shilingi mia kwa kilomita hakudharaulika, maana mwisho wa safari alidaiwa elfu sita.

Kutembea kwa ajili ya jambo la watu hakukuanza jana hapa nchini. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alikwenda kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha. Mwaka huohuo kijana Seti Benjamin alifariki njiani akitembea kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam kwa sababu hiyohiyo. Nawakumbusha hili wanaodhani safari ndefu ni chupa ya maji na kupiga selfi. Barabara ya Bagamoyo ina malori na ina bodaboda zinazopita pembeni, palepale unapokanyaga wewe. Tembeeni mkono wa kulia, magari myaone yanakuja, mmoja nyuma ya mwingine. Trafiki wapewe taarifa mapema, na gari la maji na huduma ya kwanza lisikae mbali. Ondokeni kabla hakujapambazuka. Jua la saa sita halina mjomba.

Na raba mpya ziacheni nyumbani! Mhasibu wetu alikuja na zake moja kwa moja kutoka kwenye boksi. Tulipofika Mapinga soksi ilikuwa imegandia kisiginoni kwa damu. Mama muuza maandazi akamuuzia kandambili alizokuwa amezivaa mwenyewe, kwa bei ambayo mhasibu mpaka leo hataki kuitaja, na ndizo alizomalizia nazo siku hiyo.

Kesho yake, kati ya Zinga na Kiromo, mkuu wa idara na yule dereva walijikuta wako pamoja nyuma kabisa kwa sababu mwendo wao ulilingana. Ofisini wawili hao husalimiana kwa kichwa tu. Walichozungumza sikukisikia, lakini mwezi uliofuata waliokatwa mwaka ule walirudishiwa pesa zao. Semina zote za kujenga ushirikiano tulizopelekwa hotelini hazijawahi kuzaa kitu cha namna hiyo.

Pesa tuliamua ziwe nauli za wanawake wenye fistula, lile tundu linaloachwa na uzazi mgumu likamfanya mama avujwe na mkojo au haja kubwa. Pale hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, matibabu ya fistula ni bure, ila mama aliye kijijini atafikaje? Tangu 2009 hospitali hiyo imekuwa ikituma nauli kwa M-Pesa kwa mabalozi wa kujitolea wanaowatambua wagonjwa hao vijijini, kisha balozi anamkatia mama tiketi. Kwa hesabu yangu, fulana mbili zilizochapishwa nembo zinakaribia nauli ya basi kutoka Dodoma. Kwa hiyo sisi hatukuchapisha. Kila mtu alivaa ya kwake, mmoja wetu hata ya Yanga, na alizomewa njia nzima.

Waajiri wanaotaka kusaidia watupe ruhusa ya Ijumaa, gari moja na dereva wake, basi. Mishahara waiache. Watembeaji wachague mweka hazina wao, na kila senti ibandikwe kwenye ubao wa matangazo: nani kaahidi, nani kalipa, zimepelekwa wapi na lini. Sisi tulibandika pia majina ya walioahidi wakaingia mitini. Wengi walilipa kabla ya saa ya chai.

Msomaji wenu,
Kinondoni, Dar es Salaam