Usituulize mwezi tu, tuulize na urefu: kutembea milima ya Zermatt

Sisi tunaoongoza wageni milimani hapa, kila ikifika Machi swali ni lile lile, liwe na lafudhi ya Mombasa, ya Dar au ya Bujumbura kupitia Brussels: "Kaka, Mei si ndiyo maua? Tuje Mei." Nami hujibu vile vile: karibuni sana, ila mkija Mei mtatembea bondeni, mlima mtautazama kwa macho.

Nyumbani masika yakifika yamefika. Hapa Uswisi majira hupanda mlima kwa miguu, polepole kama mzee. Kijiji cha Zermatt kiko mita 1,608 juu ya usawa wa bahari. Mwezi Mei kijijini nyasi zimeshachipua na watu wanakunywa kahawa nje. Panda hadi mita 2,500 ukute njia bado zimefukiwa na theluji ya kipupwe. Maua mnayoyafuata hufika huko juu mwishoni mwa Juni na Julai. Tena Mei baadhi ya magari ya kebo husimamishwa kwa matengenezo, na hoteli nyingi hufungwa wafanyakazi nao wapumzike.

Theluji ya Juni ndiyo inayotupa kazi. Asubuhi ni ngumu kama saruji, unapita juu yake bila wasiwasi. Saa sita mchana imekuwa uji: mguu unazama hadi gotini, na huenda chini yake kuna kijito kinapita. Mteja wetu mmoja aliacha kiatu humo. Tulikichimbua kwa fimbo dakika kumi nzima, mwenyewe kasimama mguu mmoja kama korongo, mara anacheka, mara analaani. Kilikuwa raba nyeupe, mpya kutoka dukani. Kwa hiyo tukikagua viatu vyenu kabla ya safari, msituone wakorofi.

Mimi ningewaleta wote Septemba. Julai na Agosti njia ziko wazi, lakini alasiri radi hazikawii, ndiyo maana siku hizo tunaondoka saa moja asubuhi. Septemba hewa imetulia na watu wamepungua. Tunapenda njia ya maziwa matano, kilomita 9 na ushei kuanzia Blauherd, kituo cha gari la kebo juu ya kijiji. Ziwa la kwanza ni Stellisee. Maji yakiwa yametulia alfajiri, mlima Matterhorn mzima, mita 4,478, unalala humo kichwa chini. Upepo ukipita kidogo tu, umetoweka. Oktoba huwa zamu ya lachi, mti wa jamii ya msonobari ambao, tofauti na ndugu zake, hugeuka rangi ya dhahabu kisha ukapukutisha majani. Wakati huo mamoti, wanyama mnaoweza kuwadhania pimbi wetu, wanaingia mashimoni kulala hadi machipuko.

Kipupwe nacho si cha wanaoteleza kwa ski peke yao. Zipo njia za waenda kwa miguu ambazo theluji yake hushindiliwa kwa mashine. Fuateni vibao vya rangi ya waridi. Treni ya kupanda kilele cha Gornergrat, inayofanya kazi tangu 1898, huwafikisha mita 3,089 kwa dakika 33. Pumzi hukatika kidogo. Aliyepanda Kilimanjaro anaijua hali hiyo, ila yeye urefu huo aliufikia kwa jasho na mwili ukapata muda wa kuzoea. Kwa hiyo mkishuka kwenye treni, hakuna kukimbilia picha.

Halafu vibao vya njano. Vinaandika muda wa kutembea, wala si kilomita, na muda huo hauhesabu mapumziko. Hauhesabu pia kumpigia mama simu ya video aone barafu. Sisi huongeza nusu yake: kikisema saa mbili, tunapanga tatu. Alama nyeupe-nyekundu-nyeupe maana yake ni njia ya mlimani, buti ni lazima. Nyeupe-buluu-nyeupe ni njia ngumu zaidi za milimani, huko hatuwapeleki wageni, hata mkituongezea pesa.

Mkitaka kuweka nafasi, tuandikieni tarehe zenu, umri wa mdogo na mkubwa kuliko wote, na nani ana magoti mabovu. Njia tutawachagulia sisi. Mnaokuja kwa gari, liacheni Täsch, kijiji cha jirani bondeni. Magari ya mafuta hayaruhusiwi kijijini, treni kutoka hapo ni dakika 12, nasi tutawapokea stesheni.