Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Houston, 4 Oktoba 2025

Wazee wetu, akina mama, vijana na ndugu wanachama wote, asanteni kwa kufika.

Nianze kwa kuwakumbuka wenzetu waliotangulia mbele ya haki mwaka huu. Misiba yote tuliibeba pamoja, na waliotakiwa kuzikwa nyumbani walifikishwa nyumbani. Mapato na matumizi mtayapata kwa mweka hazina. Mimi naomba muda wangu niutumie kwa lile mlilonipigia simu zaidi ya jingine lolote: uraia wa watoto wetu wanaozaliwa hapa. Keshokutwa Jumatatu Mahakama ya Juu ya Marekani inafungua muhula mpya, na suala hilo limeshabisha hodi mlangoni pake.

Mwezi Julai alikuja kwangu binti yetu mmoja, mwanafunzi wa uzamili. Yeye na mumewe wote wana viza za masomo. Mtoto wa wiki tatu alikuwa amelala kifuani mwake, kafunikwa kanga. Akatoa cheti cha kuzaliwa kwenye mfuko wa plastiki, akakilaza mezani na kukinyoosha kwa kiganja, kisha akaniuliza, "Mzee, hiki bado kina kazi?" Siku ile sikuwa na jibu la uhakika. Leo ninalo.

Tarehe 20 Januari Rais Trump alitia saini amri kwamba mtoto atakayezaliwa baada ya siku 30 hatatambuliwa kuwa raia ikiwa mama yake hana kibali cha kuishi nchini, au anacho cha muda tu kama viza ya masomo, ya kazi au ya matembezi, na baba naye si raia wala mkaazi wa kudumu. Mahakama kadhaa ziliizuia kwa nchi nzima. Tarehe 27 Juni Mahakama ya Juu, kwa kura 6 dhidi ya 3, ikasema majaji wa chini hawana mamlaka ya kutoa zuio linalowakinga hata wasiohusika na kesi. Wengi mlisikia kwamba amri imepita. Haikupita, hoja ya Katiba haikuguswa kabisa. Lakini sisi tuliachwa pabaya, kwa sababu majimbo 22 yalikuwa yameshtaki na Texas haimo. Ndipo tarehe 10 Julai jaji Joseph Laplante wa New Hampshire akawahesabu watoto wote wa namna hii waliozaliwa kuanzia 20 Februari kuwa kundi moja la walalamikaji, akaizuia amri isiwaguse popote walipo. Basi, binti yangu, cheti cha mwanao kina kazi yake yote.

Serikali haijakubali. Tarehe 26 Septemba imeiomba Mahakama ya Juu iamue hoja yenyewe. Majaji wakiipokea kesi, hukumu tuitegemee kufikia mwanzoni mwa Julai mwakani.

Kinachobishaniwa ni maneno machache ya Marekebisho ya 14 ya Katiba, ya mwaka 1868: raia ni kila aliyezaliwa hapa na aliye chini ya mamlaka ya nchi hii. Serikali inasema wapitaji hawamo. Mimi nasema polisi wa barabarani akimsimamisha mwanafunzi wetu, haulizi kama ni mpitaji; anamwandikia faini kama mtu mwingine yeyote. Kama hayo si mamlaka, ni nini? Mwaka 1898 mahakama hiyohiyo ilimpa haki Wong Kim Ark, mzaliwa wa San Francisco wa wazazi Wachina, aliyekataliwa kuingia akitoka kuwatembelea China. Serikali inajibu kwamba wazazi wake walikuwa wameweka makazi ya kudumu. Nawaomba pia mkumbuke maneno hayo ya Marekebisho ya 14 yaliandikwa kwa ajili ya nani. Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, mahakama hii ilitamka kwamba mtu mweusi mwenye asili ya utumwa hawezi kuwa raia. Ilibidi vita vipiganwe ndipo Katiba ikarekebishwa. Watoto wetu wamesimama juu ya haki iliyolipiwa na wajukuu wa Afrika waliotutangulia hapa kwa minyororo, na hilo linanigusa sana.

Yapo mengine. Mwezi Novemba majaji watasikiliza kama Rais anaweza kutoza ushuru kwa sheria ya dharura ya mwaka 1977. Akina mama wauza kanga wanalijua hili mfukoni: doti zinazochapwa India zimepandishiwa ushuru hadi asilimia 50 tangu mwisho wa Agosti. Tarehe 15 Oktoba ni zamu ya kesi ya ramani ya uchaguzi ya jimbo la Louisiana, kesi inayoweza kudhoofisha Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965. Mlio raia, kapigeni kura bila kusubiri hukumu hiyo.

Kwa wazazi wa watoto wa mwaka huu: toeni nakala za vyeti, ombeni pasipoti ya mtoto mapema, na sauti za WhatsApp zisizo na mwenyewe msizisambaze. Mwanasheria wa uhamiaji atakuwa nasi ukumbini Jumamosi ijayo saa nane mchana. Mwenye shida ya usafiri amwone katibu kabla hajaondoka leo.

Namkaribisha mweka hazina.