Taarifa ya Mwaka 2025 ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Jumuiya Yetu ya Washabiki wa Mpira, Pemba: Waraka wa Maoni ya Upanuzi wa Uwanja wa Gombani na Mambo Mengine

Ndugu Wanachama,

Assalaam alaykum.

Kwa mujibu wa katiba yetu ninawajibika kuwasilisha kwenu taarifa ya kazi za Jumuiya kwa mwaka uliomalizika Disemba 2025. Kabla ya yote namuomba Mwenyezi Mungu awarehemu wenzetu watatu waliotangulia mbele ya haki ndani ya mwaka huu, na nawashukuru wale wachache ambao kila wakiitwa huja, bila ya kungoja kukumbushwa kwa simu mara mbili na mara tatu.

Shughuli za kawaida mnazijua na sitazirefusha. Mwezi wa Januari tulikodi mabasi kwa ajili ya Kombe la Mapinduzi, na wengi wenu mlikuwepo Gombani siku ya fainali, timu yetu ya taifa, Zanzibar Heroes, walipowafunga Burkina Faso 2-1. Mwezi wa Agosti baadhi yetu walivuka kwenda Unguja kuangalia CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, kila mtu kwa nauli yake, wakarudi na habari za Sudan kuwapiga Nigeria 4-0 pale uwanja wa Amaan. Tulifanya usafi wa uwanja, tulizikana, tulihudhuria harusi, na timu yetu ya maveterani ilicheza na wenzao wa Wete ikafungwa, jambo ambalo Kamati imeona halina haja ya maelezo zaidi.

Linalohitaji maelezo ni waraka wa maoni juu ya upanuzi wa Gombani, kwa sababu mengi yamesemwa barazani na vijiweni na watu ambao hawakuusoma.

Fikra ya waraka huu ilitokana na Kombe la Mapinduzi. Mlioingia mnajua jinsi watu walivyobanana, na mliobaki nje ya geti mnajua zaidi. Tangu siku zile kila mpenda mpira wa kisiwa hiki amekuwa akisema kwamba Gombani ipanuliwe, lakini ipanuliwe vipi, hakuna aliyekuwa akisema. Amaan ilipofanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya Disemba 2023, sisi washabiki tulianza kutoa maoni zege lilipokwisha kukauka, na maoni ya namna hiyo hayana kazi. Ndipo nilipopendekeza kwenye Kamati Tendaji kwamba safari hii maoni yetu yatangulie, yafike kabla mhandisi hajashika rula. Wenzetu wa Liverpool walifanya hivyo: klabu ilikusanya maoni ya washabiki na ya majirani kabla ya kupeleka maombi ya kupanua jukwaa la Anfield Road, na leo uwanja ule unachukua watu zaidi ya 61,000. Fikra ilikuwa yangu, na nalisema hili kwa sababu nimesikia ikihesabiwa kuwa ya mtu mwengine, ilhali makosa yanayodaiwa kuwamo yote nahesabiwa mimi.

Tulitoa fomu 186, moja kwa kila mwanachama. Zilirudi 74. Kati ya hizo, 39 zilitaka njia ya kukimbilia ya wanariadha, inayozunguka kiwanja, iondolewe ili majukwaa mapya yasogee karibu na chaki, 28 zilitaka ibaki, na 7 zilijibu mambo ambayo hayakuulizwa, ikiwemo moja iliyoomba bei ya maji ya chupa ishushwe. Waraka uliowasilishwa mwezi wa Juni ulipendekeza njia ibaki, jukwaa jipya lijengwe pembeni mwa kiwanja na si nyuma ya magoli, na paa la mzunguko, yaani viti vya wazi vinavyozunguka kiwanja, litangulie kabla ya kuongeza safu za viti. Hapo ndipo pakazuka maneno kwamba Mwenyekiti ameyakanyaga maoni ya wengi.

Ndugu Wanachama, fomu ile haikuwa karatasi ya kura. Ilikuwa na kichwa cha habari kilichosomeka "Maoni", na mtu anapoombwa maoni, kazi ya Kamati ni kuyapima. Isitoshe, katika zile 39 zimo zaidi ya kumi zilizoandikwa kwa mwandiko mmoja na kalamu moja ya kijani. Sikuzitupa. Zote zimeorodheshwa kwenye kiambatisho mwishoni mwa waraka, na anayesema kwamba maoni ya kuondoa njia yamefichwa hakuufikia ukurasa huo.

Kamati ilipima kwa vipimo. Kiwanja cha kawaida cha mashindano kina urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Njia ya kukimbilia ya mita 400 yenye safu 8, kila safu ikiwa na upana wa mita 1.22, inakula karibu mita 10. Pembeni, kutoka mstari wa kiwanja hadi ukingo wa nje wa njia hiyo, ni kiasi cha mita 12, umbali ambao jicho la mtu mzima linauvumilia. Nyuma ya goli mambo ni mengine, kwa sababu pale njia inapinda, na kutoka mstari wa goli hadi ukingo wa nje wa kona ile ni kiasi cha mita 36. Mshabiki anayekaa hapo huona wavu ukitikisika lakini aliyefunga humjua kwa kuuliza. Kwa hiyo, maadamu njia ipo, jukwaa la nyuma ya goli ni fedha iliyotupwa, na jukwaa la pembeni ndilo lenye faida. Mchoro unaoonesha haya umo ndani ya waraka, na niliusimamia mwenyewe kutoka mstari wa kwanza.

Wanaotaka njia iondolewe wanasema kuwa hayo ndiyo hasa wanayoyalalamikia, na wanatoa mifano ya nje. Wanawataja washabiki wa West Ham, ambao tangu walipohamia London Stadium mwaka 2016 hawajaacha kunung'unika kwamba wako mbali na kiwanja, na wanawataja Juventus, ambao walivunja uwanja wao wenye njia ya kukimbilia wakajenga mwengine uliofunguliwa mwaka 2011, wenye viti vichache zaidi lakini vilivyosogea. Mifano ni ya kweli na nimeisoma. Lakini West Ham walitolewa kwenye uwanja wao wa Upton Park wakapelekwa kwenye uwanja uliojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 2012, na Juventus walijenga uwanja mpya kabisa, kwa fedha za klabu tajiri. Hakuna kati yao aliyekuwa akipanua uwanja mmoja ambao wakaazi wa kisiwa kizima wanautumia kwa kila kitu. Gombani si uwanja wa mpira peke yake. Tarehe 12 Januari 2025 gwaride la kilele cha sherehe za miaka 61 ya Mapinduzi lilipita hapo hapo. Wanafunzi wa skuli zetu hukimbia kwenye njia hiyo hiyo kwenye Tamasha la Elimu Bila Malipo, linaloadhimisha tangazo la Septemba 23, 1964. Waraka unaotaka kuwanyima watoto mahali pa kukimbilia ungewekwa kando na afisa wa kwanza kuusoma, na pamoja nao yangekwenda maombi yetu mengine yote. Mimi nilitaka waraka unaosomwa mpaka mwisho.

Juu ya paa kutangulia kabla ya viti sikutegemea upinzani, lakini nao ulikuja, kutoka kwa wale wanaosema kwamba mtu aliyebaki nje hana haja ya kivuli. Nawaomba wakae mzunguko kwenye mchezo wa ligi wa saa kumi. Katika mchezo mmoja wa aina hiyo nilimuona mama mmoja amempakata mtoto mdogo, akafungua mwavuli. Safu tatu nyuma yake zikapiga kelele aufunge, naye akaufunga. Mtoto akaanza kulia kwa jua, akaufungua tena, na mpaka mapumziko watu wale walikuwa wameangalia mwavuli zaidi ya mpira. Jukwaa lililo magharibi mwa kiwanja huwapa mgongo watu wake dhidi ya jua la alasiri, bali aliye mashariki hulipata usoni mpaka linapokuchwa, na huyo hata umuongezee viti elfu hatakuja kuvikalia. Masika nayo hayana haja ya kuelezwa kwa Wapemba.

Yapo mambo ambayo hayakuwa na ubishi na ambayo kwa masikitiko hayazungumzwi hata kidogo. Waraka umeomba safu ziinuliwe kwa kipimo cha macho, kwani wabunifu wa viwanja hulenga mstari wa jicho upite kiasi cha sentimita 9 juu ya macho ya aliyekaa mbele. Umeomba geti la wanawake na watoto, mteremko kwa wenye viti vya magurudumu ambao hivi sasa hubebwa kama magunia, na nguzo za paa ziwe nyuma ya watazamaji na si mbele yao. Umeomba pia sehemu ya kuswalia yenye maji ya kutosha ya udhu, kwa kuwa mchezo wa saa kumi ukiingia dakika za nyongeza unaikuta Magharibi, na mshabiki hulazimika kuchagua kati ya penalti na swala. Waliozoea kukaa kwenye jukwaa linaloitwa Urusi pale Amaan walitusaidia sana kwenye sehemu hii kwa kutueleza wanachokipenda kule na wasichokipenda.

Kuhusu utaratibu, nimeshutumiwa kwamba waraka ulipelekwa bila ya ridhaa ya mkutano mkuu. Akidi yetu ni theluthi moja ya wanachama, yaani watu 62. Mkutano wa Machi walikuja 38. Mkutano wa Mei walikuja 29, na mvua ilikuwa imekatika tangu asubuhi. Kifungu cha 14 cha katiba kinasema kwamba akidi ikikosekana mara mbili mfululizo Kamati Tendaji itaamua, na Kamati iliamua, kwa kura 6 dhidi ya 3. Wawili kati ya wanaopiga kelele zaidi hawakuhudhuria hata mkutano mmoja kati ya hiyo miwili. Mtu huyohuyo anayeacha kiti chake kitupu mwezi wa Mei hawezi kuja mwezi wa Julai kudai kwamba hakushirikishwa. Najua kwamba tangu Agosti wengi wako kwenye mikarafuu, na mkutano wa Septemba sikuulaumu, kwa kuwa karafuu hazimsubiri mtu. Machi na Mei hakuna aliyekuwa juu ya mkarafuu.

Yamesemwa pia maneno juu ya shilingi 200,000 alizolipwa kijana aliyechora mchoro, kwamba ni mtoto wa ndugu yangu. Ni mtoto wa ndugu yangu, na ndiyo sababu alikubali 200,000. Mchoraji mwengine tuliyemuuliza alitaka zaidi ya mara tatu ya hizo, na barua yake anayo Katibu kwa yeyote anayetaka kuisoma.

Ofisi inayohusika iliupokea waraka na kuugonga muhuri. Jibu bado, na tunaendelea kufuatilia.

Sasa fedha. Ada ni shilingi 12,000 kwa mwaka, ambayo ni shilingi 1,000 kwa mwezi. Kwa wanachama 186 tulitegemea 2,232,000. Waliolipa kamili ni 57, sawa na 684,000. Waliolipa nusunusu ni 41, jumla 197,000. Na 88 hawakutoa hata senti. Kwa hiyo ada iliyoingia ni 881,000 na deni ni 1,351,000. Ukiongeza bakaa ya mwaka jana 143,500 na faida ya jezi 220,000, mapato yote ni 1,244,500. Matumizi yalikuwa mabasi 480,000, ukumbi na viti 165,000, uchapaji wa fomu na waraka 138,000, ubani kwa wafiwa 150,000, na mchoro 200,000, jumla 1,133,000. Kilichobaki ni 111,500. Katika zile fomu 39 nilizozitaja, waliozijaza na ambao ada yao imekamilika ni 11 tu. Silisemi hili kwa kumdharau mtu, kwani fomu ilikuwa haki ya kila mwanachama, lakini anayedai kwamba sauti yake imenyimwa uzito naye aangalie daftari la Mshika Fedha.

Kwa mwaka 2026 tunatarajia, inshaallah, kuufuatilia waraka mpaka tupate jibu, kukutana na wadau mbalimbali wa michezo, kuangalia uwezekano wa kuwa na ofisi yetu, na kama hali itaruhusu kuandaa safari ya kwenda nje ya Pemba wakati wa AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2027, ambayo Tanzania itaiandaa pamoja na Kenya na Uganda. Wanaotaka njia ya kukimbilia iondolewe wanaruhusiwa kuandika maoni yao upya, kwa majina na saini zao, na Kamati itayaambatanisha kwenye barua ya ukumbusho. Nakala za waraka anazo Katibu, kila siku baada ya swala ya Alasiri. Atakayezifuata aje na ada yake.

Mwenyekiti,
Chake Chake, Pemba.