Taa ya bluu ya Vitz isiyotaka kuzima

Asubuhi za Juni hapa Iringa, ukiwasha Toyota Vitz utaona taa ndogo ya bluu yenye picha ya kipimajoto kwenye dashibodi. Usiiogope. Inakuambia injini bado ni ya baridi, usikanyage sana mafuta. Ukishaendesha dakika chache inapaswa kuzima yenyewe. Kinachotusikitisha ni magari yanayoingia hapa gereji taa ikiwa bado inawaka, na mwenye gari anasema ametoka nalo mbali, Ilula.

Tukifungua mahali pa themostati, yaani kifaa kinachodhibiti joto la injini, mara nyingi hamna kitu.

Habari yenyewe huwa ni ileile. Gari lilichemsha mlima Kitonga, lina watu na mizigo, malori yanapita pembeni. Akapatikana fundi, akatoa themostati, akaunga feni direct ili izunguke muda wote, akajaza maji ya bomba, safari ikaendelea. Fundi huyo hatumlaumu, maana aliwaokoa watu barabarani. Ila dawa ya njiani ikageuka kuwa ya kudumu, na hadi leo hakuna aliyeuliza gari lilichemsha kwa sababu gani.

Themostati ni kifaa kidogo chenye nta ndani. Injini ikiwa ya baridi hufunga njia ya maji ya kwenda kwenye rejeta, inakopozwa, ili injini ipate joto haraka. Nta ikiyeyuka hutanuka na kusukuma mlango. Kwa Toyota hizi ndogo huanza kufunguka kati ya digrii 80 na 84. Ukiitoa, maji hupita kwenye rejeta tangu unapopiga stata, na kwa baridi yetu injini inaweza kutembea siku nzima bila kufikia joto lake.

Hapo ndipo gharama zinapoanza kimyakimya. Sensa ya joto huiambia kompyuta kwamba injini ni ya baridi, nayo kompyuta inaongeza petroli. Gari linakula mafuta, plagi zinakuwa nyeusi. Petroli isiyoungua inateremka kwenye kuta za silinda na kuosha oili inayolinda ringi za pistoni. Mvuke wa maji, ambao injini yenye joto ingeufukuza, unabaki ndani na kuchanganyika na oili. Vitz nyingi tunazohudumia ni za 2005 hadi 2010, zenye injini ya cc 996 au 1,296. Ni injini imara sana kwa umri wao, lakini zinazotembea baridi miaka miwili mitatu ndizo zinazorudi kwetu zikila oili.

Mteja wetu mmoja, mwalimu, aliambiwa kwingine kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua, ajiandae kufungua injini. Ushahidi ulikuwa ute mweupe kama mtindi chini ya kifuniko cha oili. Kweli, ute huo unaweza kutokana na gasketi, ikivuja maji yakaingia kwenye oili. Tulipounganisha mashine ya kusoma kompyuta ya gari, joto lilisoma digrii sitini na kitu baada ya kuzunguka naye mjini. Tukapima presha ya mfumo wa maji, haikushuka. Gasketi yake ilikuwa nzima. Ute ulikuwa mvuke ulioganda kwenye injini isiyopata joto. Tukafunga themostati na kumwaga oili, tukaweka mpya. Alipokuja kukaguliwa tena, kifuniko kilikuwa kikavu, na hita, ambayo alidhani ilikufa zamani, ilikuwa inapuliza joto.

Wengine hutuambia, "Bora iwe baridi kuliko kuchemsha." Tunaelewa hofu hiyo. Lakini kwenye injini nyingi za Toyota themostati ina kazi ya pili: inapofunguka, huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupozwa. Kwa hiyo gari linaweza kutembea baridi mjini, kisha likachemsha palepale Kitonga ulipotaka likuvushe.

Na kilichochemsha gari mwanzoni mara nyingi ni kitu kidogo. Tunaanza na mfuniko wa rejeta. Iringa tuko juu kiasi kwamba maji kwenye sufuria huchemka kwenye digrii 95 hivi. Mfuniko mzima, ulioandikwa 1.1 (kipimo cha presha), hubana presha ndani ya rejeta na kusogeza kiwango hicho hadi karibu 120. Mpira wake ukichoka, ulinzi huo umekwisha, na mlimani maji yanachemka mapema. Watu wamebadilisha rejeta nzima kwa sababu ya mfuniko! Baada ya hapo tunaangalia pampu ya maji, mipira, rejeta iliyoziba, na relei au sensa ya feni iliyosababisha feni iungwe direct.

Themostati mpya hatuifungi kwa imani. Tunaitia kwenye sufuria ya maji jikoni, na kipimajoto pembeni, unaiona ikifunguka mbele yako. Ya bandia hujulikana hapohapo. Kisha tunasafisha mfumo, tunaweka kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, na kutoa hewa yote. Vitz inachukua lita nne hadi tano hivi. Maji ya bomba yana chumvi, nayo chumvi hula aluminiamu ya injini na kuziba rejeta, kwa hiyo baada ya kazi hii tafadhali usiongezee.

Tukiona mapovu ya gesi kwenye rejeta injini ikiwaka, tutakuambia ukweli kwamba gasketi imeondoka, na kazi ya themostati itasubiri hedi ishughulikiwe. Hatutakufungia kifaa kipya juu ya tatizo hilo na kuchukua pesa yako.

Gari tunalipokea likiwa limepoa, kwa sababu mfuniko wa rejeta yenye moto haufunguliwi kamwe. Maji yake yanaunguza vibaya. Unayetoka mbali, lilaze hapa gereji jioni. Saa moja asubuhi tutaliwasha tukiwa pamoja nawe na kuhesabu dakika hadi taa ya bluu izime.