Kuku anayeatamia asibezwe. Vifaranga ndio wanaohitaji ulinzi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie ufugaji wa kuku wa kienyeji. Katika kurasa za kilimo na mifugo za magazeti yetu, mfugaji mdogo hushauriwa mara kwa mara aanze kwa kununua mashine ya kutotolea mayai, kana kwamba mtetea wake mwenyewe ndiye anayemrudisha nyuma. Naona ushauri huo unamwelekeza mahali pasipo na tatizo.

Mtetea akipewa kiota kikavu, mahali penye giza na pasipo na utitiri, hutotoa vizuri bila umeme wala gharama. Kwa siku 21 huyapa mayai joto la nyuzi 37 hadi 38 hivi, huyageuza mwenyewe, na huyahamisha yale ya pembeni yaingie katikati ili lisiwepo linalopoa muda mrefu. Hutoka mara moja kwa siku, akala, akanywa maji, akajisaidia na kurudi upesi. Kinachotakiwa kwa mwenye kuku ni kuchagua mayai yasiyozidi siku 10 tangu yatagwe, 10 hadi 13 yanamtosha, na kuyatia alama ya mkaa, kwa sababu kuku wengine hupenda kuja kutaga katika kiota hichohicho na mayai hayo mapya hayataenda sawa na yale ya mwanzo. Baada ya wiki moja ayamulike kwa tochi usiku, na yale yasiyo na dalili ya mishipa ya damu ayaondoe kabla hayajawa viza. Ni kweli kwamba kuku wa mayai wa kisasa hawaatamii, maana hamu hiyo imepunguzwa kwa kuchagua mbegu kizazi baada ya kizazi, na mwenye kufuga hao hana budi kutumia mashine. Wa kienyeji hana upungufu huo.

Hasara kubwa huja baada ya vifaranga kuanguliwa. Desturi yetu ni kumwachia mama akiwa na watoto wa siku moja au mbili azunguke nao uani na vichakani, na hapo ndipo mwewe, kunguru, nguchiro na kicheche hupata riziki yao. Mtetea aliyeangua vifaranga 12 akabakiwa na 3 anaambiwa hana malezi, ingawa kosa halikuwa lake. Huyo mama afungiwe chini ya tenga, pamoja na watoto wake, kwa wiki tatu au nne za mwanzo, wakati vifaranga bado hawawezi kujitunzia joto na hulazimika kuingia chini ya mbawa zake kila mara. Wapewe maji safi katika chombo kisicho na kina, ili wasizame, na chenga za mahindi zilizochanganywa na dagaa waliosagwa. Mchwa pia ni chakula kizuri, na kwa watoto wa nyumbani kuwachimba huwa mchezo. Vifaranga wakishapata manyoya, mama anaweza kutengwa nao, naye hurudi kutaga mapema kuliko akiachwa awalee mpaka mwenyewe awachoke.

Adui asiyezuiwa na tenga ni kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Kikiingia kijijini huweza kumaliza kuku wote kwa siku chache, na hakina tiba. Chanjo yake ipo, ikiwemo aina ya I-2 inayostahimili joto kuliko nyingine na inayotolewa kwa tone moja la jicho, ikirudiwa kila baada ya miezi mitatu. Shida ya mwenye kuku wanane ni kwamba chupa moja hutosha kuku wengi mno, na ikishafunguliwa haikai. Dawa ya shida hiyo ni majirani kuchangia chupa moja na kuchanja siku moja, jambo ambalo maofisa mifugo wa kata wanaweza kulisimamia bila bajeti mpya.

Ndiyo maana naomba gazeti lako, pamoja na matangazo ya mashine, litenge nafasi ya kuchapisha ratiba za chanjo ya kideri katika wilaya zetu, na hasa kabla ya kiangazi, ili zitufikie sisi tunaofuga uani.

Msomaji wenu,
Morogoro