Shukrani kwa dada wa kitanda cha jirani

Dada uliyekuwa ukimuuguza mgonjwa wa kitanda cha pili, hapa Mombasa: jina sikukuuliza, nilikuwa nakimbilia feri ya Likoni.

Nilishashika bomba la sindano, nataka kumsukumia mamangu uji kwenye mpira wa puani, naye kalala chali. Ukanishika mkono. Ukamwinua kichwa, ukamwita nesi avute majimaji ya tumboni na kuyapima kwa karatasi ya pH (kipimo cha asidi), kuhakikisha mpira umefika tumboni. Ilisoma 5, ingezidi 5.5 asingeruhusu. Na uji wangu mzito (kumbe huziba mpira!) ukawekwa kando, akapewa maziwa maalumu, polepole, kisha maji ya kusafisha mpira. Saa nzima ukanikataza kumlaza.

Jana kala wali wa nazi kwa mkono wake, akalalamika chumvi haijakolea. Ahsante sana, dadangu.