Kigeuze Kwanza

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Picha zako zimefika zote saba, na sita kati yake ni za uso. Sikulaumu, kila anayeanza kukusanya visanamu huanzia usoni. Ya saba ndiyo uliyoipiga ubavuni, nayo nimekaa nayo jana usiku mpaka macho yakaniwasha.

Umeniuliza swali moja tu: huyu mpiga zumari wako wa kauri ametoka mikononi mwa Kändler mwenyewe, yule mchongaji wa kiwanda cha Meissen, Ujerumani? Jibu ni hapana. Usinune, maana hata vile vilivyofungiwa kwenye makabati ya vioo ya makumbusho, vyenye jina lake kwenye kibao, ukiviulizia namna hiyo utajibiwa vivyo hivyo. Ngoja nikueleze, halafu tumrudie mpiga zumari wako.

Johann Joachim Kändler alizaliwa mwaka 1706 na kujifunza kuchonga sanamu kwa fundi mmoja wa Dresden. Mwaka 1731 akaitwa kiwandani Meissen. Kiwanda chenyewe kilikuwa bado kichanga: kilianzishwa mwaka 1710 ndani ya ngome, baada ya Böttger, kijana aliyewekwa kizuizini ili atengeneze dhahabu, kushiriki kuigundua siri ya kauri ngumu ambayo Wachina walikuwa nayo kwa karne nyingi. Mfalme Augustus, mtawala wa Saxony, alitaka dhahabu akapata sahani, na kwa jinsi alivyozipenda sidhani alijiona amepunjwa.

Kijana Kändler hakuitwa kufanya vidogo. Mfalme alitaka jumba zima Dresden lijae wanyama wa kauri, wengine wakaribie ukubwa wa wanyama hai. Mbuzi, simba, ndege wa kila namna. Udongo haukukubali. Umbo kubwa lenye kuta nene hukauka upande huu kabla ya ule, na likiingia tanurini linapasuka. Baadhi ya wanyama hao wapo hadi leo, na nyufa zao unaziona bila miwani: mbuzi kageuza shingo kwa madaha, na ubavuni ana ufa kama wa ukuta wa nyumba kuukuu. Mimi nawapenda hao kuliko wote. Lakini kabati langu halitoshi hata pembe zao.

Vidogo vilikuja kwa njia ya mezani. Kwenye karamu za wakubwa wa zama hizo, meza ya vitamu ilipambwa kwa sanamu za sukari na za nta. Kauri ikachukua nafasi ya sukari, maana sherehe ikiisha unaiosha na kuiweka mpaka sherehe ijayo. Basi kuanzia miaka ya 1730 Kändler na wasaidizi wake wakaanza kutoa watu wa kiganjani: wachekeshaji wenye nguo za viraka, mabibi wa sketi pana kama mwavuli, wachuuzi wa mitaani, na baadaye kidogo kundi la nyani waliovaa koti na kupiga ala za muziki. Kwa hiyo babu wa huyo mpiga zumari wako ni pambo la sukari. Mwambie taratibu.

Sasa ile mikono. Mchongaji alifinyanga umbo la kwanza, zima, kwa udongo au nta. Halafu likakatwakatwa kwa kisu! Kichwa peke yake, mkono peke yake, zumari peke yake, pindo la koti peke yake. Kila kipande kikatengenezewa kalibu yake ya plasta. Kuanzia hapo kazi si yake tena. Fundi mwingine anaushindilia udongo mweupe kwenye kalibu, plasta inanyonya maji, kipande kinaachia. Anavikusanya vipande mezani kama mtu anayepanga mifupa, anavigandisha kwa uji wa udongo uleule, anafuta mishono, anachonga upya kucha na mikunjo iliyopotea. Maua na majani madogo anayabandika kwa vidole, petali moja baada ya nyingine. Kisha tanuri, kisha utando wa kioo, kisha tanuri tena kwenye joto la kama nyuzi 1,400, ambapo kitu chote hunywea kwa takriban sehemu moja ya sita. Kisha fundi wa kupaka rangi, ambaye naye hajawahi kuigusa kalibu.

Kwa hiyo aliyekiwaza kisanamu chako ni mmoja, walioshika udongo ni wengine kabisa, na majina yao kwa sehemu kubwa hatunayo. Hapo ndipo mimi na wakusanyaji wenzangu tunapogombana. Wao huulizia jina la mchongaji basi. Mimi nikiweka viwili vya kalibu moja ubavuni kwa ubavu, naona huyu ameinamisha kichwa kidogo kana kwamba anasikiliza, na yule kakikaza tu kama askari. Tofauti hiyo haikutoka kwa Kändler. Ni fundi fulani aliyegeuza shingo kidogo kabla uji haujakauka.

Umeona kile kisiki alichoegemea mpiga zumari? Ulidhani ni porini. Kisiki ni nguzo: kwenye joto lile udongo hulegea, na miguu miwili myembamba haiwezi kubeba mwili. Ukishalijua hilo utaona kila kisanamu cha kusimama kina kisingizio chake cha kutoanguka: jiwe, mti, mbwa, sketi.

Mwenyewe Kändler, naona, hakuwahi kupona ndoto ya vikubwa. Alipanga kumchonga Augustus III, mwana wa mfalme yule, juu ya farasi, kwa kauri, sanamu la kuzidi mtu kimo. Vita vya Miaka Saba vikaanza mwaka 1756, fedha zikaenda kwingine, na kazi hiyo haikukamilika. Ulibaki mfano mdogo. Akafa mwaka 1775, bado akiwa Meissen. Mtu aliyetaka farasi mkubwa tunamkumbuka kwa nyani wenye fidla.

Nirudi kwako. Jambo la kukuweka macho ni kwamba kiwanda hicho bado kipo na bado kinatoa maumbo ya Kändler. Umbo, basi, litakuambia nani aliwaza, halitakuambia lini limechomwa. Na alama ya kiwanda, panga mbili za buluu zilizopishana, imeigwa na kila mwenye brashi. Nami nilishalipia funzo hilo. Nilinunua mchekeshaji mmoja, muuzaji akala kiapo ni wa karne ya 18, panga zipo, bei nayo ilikuwa ya kuniumiza tumbo. Nikakaa naye miezi bila kumgeuza zaidi ya mara moja. Siku namfuta vumbi, ukucha ukapita juu ya alama ukakwama. Panga za kweli huchorwa kwa rangi ya kobalti chini ya utando wa kioo. Ukucha unateleza juu yake kana kwamba hapana kitu. Zangu zilikuwa zimepakwa juu. Yule mchekeshaji bado ninaye, na nadhani ananicheka mimi.

Basi fanya hivi. Mshike kiunoni na kwenye kitako, kamwe usimshike mkono wala zumari, umlaze juu ya taulo lililokunjwa. Pitisha ukucha juu ya panga. Angalia kama zimekatwa kwa mikwaruzo, maana hivyo ndivyo kiwanda kilivyotia alama vile vyenye kasoro. Tafuta namba iliyochimbwa kwenye udongo, tofauti na ile ya rangi. Kisha tazama vidole kwenye zumari. Kwenye picha yako naona vimeshikana kama ndizi kwenye chane, na hilo halinipendezi. Fundi mzuri angevitenganisha. Nahisi ni nakala, tena ya baadaye sana. Lakini kichwa chake kimegeuka vizuri mno, na kwa hilo sijamkatia tamaa.

Usimsugue kwa dawa ya meno kama ulivyosema, tafadhali! Dhahabu ya vifungo huondoka, haitarudi. Maji ya uvuguvugu na brashi laini ya rangi vinatosha, na kama kuna mahali pamewahi kugundishwa, hata maji acha.

Nangoja picha ya nane. Ya chini, mchana, bila taa ya simu.

Wako yule yule mwenye mchekeshaji wa bandia.